Pauni, shilingi na peni: hatimaye zinajumlika

Safu ya fedha imekubali! Kwa wasiokumbuka, najenga chati ya Uingereza kuanzia 1939 hadi 1947. Upande mmoja ni gharama za redio ya umma. Upande wa pili ni viwanda ambavyo serikali ilivitwaa wakati wa vita, na lini vilirudishwa kwa wenyewe.

Kilichonikwamisha ni alama ya mkwaju (/). Matangazo ya zamani ya biashara yaliandika shilingi 12 na peni 6 hivi: 12/6. Ukibandika kwenye programu ya majedwali, inageuka Juni 12. Wala haikupi onyo! Enzi hizo shilingi ilikuwa na peni 12 na pauni ilikuwa na shilingi 20, hivyo peni ziliishia 11 na shilingi ziliishia 19, kwa hiyo bei za namna hiyo karibu zote ni tarehe halali. Programu ikiwa imepangwa Kimarekani, mwezi mbele, ndiyo balaa zaidi: 10/6 inakuwa Oktoba 6, lakini 15/6 inaweza kubaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 15. Safu moja, nusu tarehe nusu maandishi, halafu jumla inatoka namba isiyo na kichwa wala miguu.

Dawa ni kuinyima programu nafasi ya kukisia. Sasa naandika kwenye faili la maandishi matupu, pauni, shilingi na peni kila moja na safu yake, kisha mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, inageuza vyote kuwa peni: pauni mara 240, shilingi mara 12. Kuna wanaosema Python ni nzito mno kwa kazi kama hii. Siafiki hata kidogo.

Leseni ya redio, ada ya kila mwaka aliyolipa mwenye redio, ilikuwa shilingi 10 tangu 1922, yaani peni 120 kwa mwaka. Juni 1946 ikapanda hadi pauni 1, na pauni 2 kwa mwenye televisheni, ambayo BBC iliizima Septemba 1, 1939 na kuirudisha Juni 7, 1946. Lakini leseni si gharama ya BBC. Wakati wa vita shirika liliendeshwa kwa ruzuku ya Bunge, ndiyo maana nimeweka mistari miwili. Ukiichanganya, utadhani matumizi yalitulia miaka yote ile kwa sababu tu leseni haikupanda.

Ramani ya viwanda vya pamba vya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, vile vilivyofungwa kwenye mpango wa 1941 wa kukusanya uzalishaji sehemu chache, majengo mengi yakageuzwa maghala, itasubiri. Itahitaji tarehe mbili: serikali ilipoachia jengo, na mashine zilipoanza kuzunguka tena. Jengo lililosheheni mizigo haliwi kiwanda kwa sababu tu ya barua ya serikali ya kuliachia.

Redio ya raia ya 1944 imeniteka. Viwanda vya redio vilikuwa vimeshikwa na kazi za jeshi, redio mpya zikaadimika madukani, ndipo makampuni mengi yakatengeneza muundo mmoja ulioidhinishwa na serikali. Bei: pauni 12, shilingi 3, peni 4. Hizo ni peni 2,920, sawa na leseni ya miaka 24 na miezi minne! Na ilishika mawimbi ya kati tu. Julai 1945 BBC ikaanzisha Light Programme, kituo chake cha burudani, wimbi lake kuu likiwa refu, la mita 1,500. Aliyejinyima akanunua ile redio huenda akalazimika kutafuta kifaa cha nyongeza ili akipate kituo hicho.

Kwa hiyo chati inapata mstari wa tatu, gharama ya msikilizaji mwenyewe. Nimeshaanza kusaka bei za vifaa hivyo vya nyongeza.