Savonlinna, mahali maji hayagandi

Mtu aliyekulia Mwanza ukimtajia ziwa, anaona maji mpaka macho yachoke. Saimaa halina tabia hiyo. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote Ufini, lina kilomita za mraba zipatazo 4,400, lakini hakuna mahali utakaposimama ulione lote. Visiwa vyake vinapita 13,000. Kila ukidhani umefika kwenye maji mapana, msitu unakukata tena, na ng'ambo ya msitu kuna maji mengine yenye jina lake. Wenyeji wenyewe husema wanaishi Haapavesi au Pihlajavesi kama vile ni maziwa mbalimbali, kumbe yote ni Saimaa.

Nililifahamu Machi 2018. Nilikuwa nasomea misitu Joensuu, mji wa mashariki mwa Ufini, na rafiki yangu wa darasani alikuwa anakwenda kumsalimia babu yake Savonlinna, mji ulio ndani ya Saimaa, mwisho wa juma, akasema twende wote. Treni ya Joensuu inakushusha Parikkala, hapo unahamia behewa moja tu linalokwenda peke yake mpaka Savonlinna. Njiani linapita Punkaharju, tuta jembamba la mchanga na changarawe lenye urefu wa kilomita 7 hivi, maji kulia na maji kushoto, misonobari juu. Tuta hilo liliachwa na mito iliyokuwa ikipita chini ya barafu ya kale iliyoifunika nchi. Kuna kituo kidogo kinaitwa Lusto, penye makumbusho ya taifa ya misitu. Nilikitazama kwa uchu, treni ikaondoka.

Kitu kimoja alichonieleza rafiki yangu mle ndani kilinikaa. Reli hii ilipofunguliwa mwaka 1908 haikuja kutoka Parikkala. Ilitoka Elisenvaara, makutano makubwa ya reli upande wa mashariki. Elisenvaara leo iko Urusi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mpaka ulisogea, reli ikakatwa mkia, ikabidi mji utafutiwe njia nyingine ya kuunganishwa na nchi yake.

Babu alitupokea kituoni. Mzee wa miaka themanini hivi, mwalimu mstaafu, mrefu, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi. Rafiki yangu alimwambia mimi ni mwanafunzi wa Joensuu. Mzee akanipa mkono, akasema jambo fupi, na mjukuu wake akasita kidogo kabla ya kunitafsiria: "Anasema, kumbe ninyi ndio mnaotuchukulia walimu wetu."

Mwaka huo huo mafunzo ya ualimu ya Savonlinna yalikuwa yanahamishiwa Joensuu. Mji wenyewe una watu wasiofika 35,000, hata ukihesabu vijiji vyote vilivyounganishwa nao. Ukiondoa wanafunzi na wahadhiri katika mji wa namna hiyo, unaondoa wapangaji, wateja wa mikahawa, wachezaji wa timu na wachumba wa vijana. Nilitaka kujitetea kwamba mimi ni wa misitu, sijachukua mwalimu yeyote. Lakini mzee alikuwa ameshacheka na kubeba begi langu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kuvua. Kwa sisi watu wa ziwa kuvua ni mtumbwi na nyavu, na kazi ni ya usiku. Pale tuliondoka baada ya chai, kwa miguu, juu ya maji. Mzee alinivisha shingoni kamba yenye vishikio viwili vidogo vya mbao, kila kimoja kimetokeza ncha ya chuma. Akanionyesha kwa vitendo: barafu ikivunjika ukatumbukia, unavishika hivi, unavichoma ukingoni, unajivuta kwa mikono hadi utoke. Mikono mitupu inateleza. Alivua vyake na kuvivaa tena taratibu, nione, na hakutabasamu kabisa alipokuwa ananifundisha.

Hatua za kwanza nilitembea kama mtu anayeiba. Jua lilikuwa kali, theluji inang'aa mpaka inaumiza macho, baridi kama digrii 12 chini ya sifuri. Kila baada ya muda barafu ilikuwa inalia, mlio mrefu unaoanzia mbali, unapita chini ya nyayo zako na kwenda zake. Mzee alisema inayolia haina neno, maana inalia kwa kuwa ni nene na inatanuka. Alitoboa kwa keekee ndefu ya mkono, akizungusha bila haraka, vipande vyeupe vikitoka, mpaka maji meusi yakafurika juu. Akaingiza mkono kunionyesha unene: barafu ilimfika karibu na kiwiko. Tukakaa kwenye vigoda, kila mtu na kijifimbo chake kifupi, ndoano ndogo yenye funza mmoja.

Mbele yetu, mbali kidogo, kulikuwa na ngome ya Olavinlinna. Kuta za mawe ya kijivu zimeota moja kwa moja kutoka kwenye kisiwa cha mwamba, minara mitatu ya duara. Kwenye picha za watalii nilikuwa nimeona ngome na maji ya kiangazi, lakini siku ile kilichonishangaza ni kwamba ziwa zima lilikuwa jeupe na gumu, isipokuwa pale. Kuizunguka ngome kulikuwa na maji meusi yanayotembea, yanafuka mvuke, na bata wanaogelea.

Nikauliza kwa nini pale hapajaganda. Mzee alifurahi kuulizwa, ualimu haustaafu. Pale panaitwa Kyrönsalmi, alisema. Maji ya Haapavesi yanabanwa kwenye mlango huo mwembamba yakishuka kwenda Pihlajavesi, na mkondo una nguvu kiasi kwamba barafu haipati nafasi ya kukaa. Kisha akanielekeza nifikiri kama askari. Nchi hii haikuwa na barabara, ilikuwa na maji. Kiangazi watu walipita kwa mashua, kipupwe walipita kwa farasi na magari ya kuteleza juu ya barafu. Adui wa kipupwe ndiye mbaya zaidi, kwa sababu ziwa likiganda kila kisiwa kinafikika kwa miguu. Sasa tafuta kisiwa ambacho hata Januari kina handaki la maji limekizunguka.

Erik Axelsson Tott alikitafuta akakipata. Alikuwa shujaa mwenye asili ya Denmark aliyetawala huku kwa niaba ya Sweden, na mwaka 1475 alianza kujenga ngome akaipa jina la Mtakatifu Olavi. Kazi yake ilikuwa kulilinda jimbo hili la Savo dhidi ya Moscow. Warusi hawakupendezwa, kwani kwa mkataba wa mpaka wa 1323 walihesabu kwamba eneo lile ni lao. Mji wenyewe ulikuja baadaye sana, mwaka 1639, wakati Per Brahe, gavana mkuu wa Ufini, alipoupa hadhi ya mji. Kwa hiyo Savonlinna ni mji uliozaliwa na ngome, na ngome ilizaliwa na mkondo wa maji.

Mpaka huo haukutulia. Warusi waliiteka ngome mwaka 1714, wakairudisha 1721, wakaichukua tena 1742, na mkataba wa mwaka uliofuata ukawaachia ngome pamoja na mji. Suvorov, jenerali wao mashuhuri, aliiimarisha. Halafu Ufini yote ikaangukia kwa mfalme wa Urusi mwaka 1809, na ngome ya mpakani ikajikuta haina mpaka wa kulinda. Askari wa mwisho waliondoka 1847. Mimi hapo ndipo naona ucheshi wa historia: mawe yote yale, na kilichoyanyima kazi ni adui kushinda kila kitu.

Samaki walianza kuuma karibu na adhuhuri. Ahven, mwenye mistari ya kijani ubavuni na mapezi mekundu, urefu wa kiganja. Mzee alivuta wengi. Mimi nilivuta wachache, nikapigiwa makofi kwa kila mmoja.

Jioni tulioga sauna, tukala hao samaki waliokaangwa kwa siagi na unga wa shayiri nyeusi, kisha mzee akaleta trei ya kuokea na jagi la maji. Nilidhani ni kinywaji. Akamimina maji kwenye trei, akaiweka mezani, akaanza kuinua upande mmoja polepole kwa vidole viwili. Barafu ya kale, alisema, ilikuwa nene kiasi cha kuididimiza ardhi. Ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kupanda, na mpaka leo inapanda, lakini upande wa kaskazini-magharibi unapanda haraka zaidi. Zamani Saimaa lilitiririkia magharibi. Nchi ilivyozidi kuinuka, maji yakasukumwa kusini-mashariki, yakarundikana nyuma ya matuta ya Salpausselkä, kama miaka 6,000 iliyopita yakayapasua, ukazaliwa mto Vuoksi. Alipofika kwenye neno hilo akainua trei zaidi, na maji yakaruka kwenye kitambaa cha meza. Mjukuu wake alikwenda kutafuta dekio bila kusema kitu. Inaonekana alishayaona hayo utotoni.

Kupanda huko kwa ardhi ndiko pia kulikowafungia ndani sili, wanyama wa baharini. Saimaa lina sili wake, waliotenganishwa na bahari maelfu ya miaka iliyopita na hawakupata njia ya kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 200. Leo wamepita 400. Jike huzaa ndani ya pango la theluji kandokando ya kisiwa, na miaka ya karibuni theluji imekuwa haba, kwa hiyo watu hujitolea kwenda na mabeleshi kuwarundikia. Mzee alikuwa amekwenda kurundika, katika umri ule. Alilisimulia kwa mkato, mtu anayeeleza alivyofagia uwanja wake.

Nilimwambia kwamba ziwa letu nalo lina kisa cha ardhi kuinuka. Upande wa magharibi wa Victoria ulipanda, mito kama Kagera na Katonga, iliyokuwa ikitiririka kwenda magharibi, ikageuzwa, maji yakatuama katikati. Akataka maelezo. Akafungua atlasi, akavaa miwani, akafuatisha Kagera kwa kidole mpaka ziwani, halafu akageuza kurasa hadi Ufini kunionyesha yeye alikotoka. Kidole kilitua ng'ambo ya mpaka, kwenye ufuko wa ziwa Ladoga. Alikuwa mtoto mdogo walipohamishwa, mmoja wa Wafini zaidi ya 400,000 walioacha jimbo la Karelia lilipochukuliwa na Wasovieti. Anakumbuka treni na ng'ombe. Mengine, alisema, amesimuliwa tu, hawezi tena kutofautisha.

Rafiki yangu akauliza, ili kubadilisha hewa nadhani, kama Julai nitarudi kwa ajili ya opera. Uwanja wa ndani wa ngome hugeuzwa jukwaa mwezi mzima. Mwimbaji Aino Ackté ndiye aliyelianzisha tamasha hilo mwaka 1912, likafa, likafufuka, na tangu 1967 hufanyika karibu kila mwaka. Nikauliza bei ya tiketi. Nilipotajiwa nikasema nitasikiliza hapo nje ukutani. Mzee akasema yeye hufanya hivyo hivyo, kwenye mashua, na huchukua ndoano.

Hapo ndipo nikamwambia habari za sangara. Kwamba Mwanza tunavua samaki anayeweza kupita kilo 100, na minofu yake husafirishwa mpaka huku Ulaya. Mzee alitazama mifupa ya ahven kwenye sahani, akanitazama mimi. Alisema kitu kwa mjukuu wake ambacho hakikutafsiriwa. Ikabidi itolewe simu, zitafutwe picha: vijana wawili wamebeba samaki mmoja begani kwenye mti, mkia unaburuta. Mzee aliichukua simu, akaisogeza karibu na taa, akakuza picha kwa vidole, akakaa nayo muda.

"Huyu," akauliza hatimaye, "mnamvua kwa uzi wa unene gani?"

Nikaanza kumweleza nyavu, na ndoano zinazotegwa kwa mamia kwenye kamba moja ndefu. Akanyanyua mkono nisubiri, akaenda kutafuta kalamu.