Nilivyomkinga mwanangu na homa ya ini B

Sikuwa naumwa popote. Macho meupe, nakula vizuri, mimba inakua; majibu ya damu ya kliniki ndiyo yaliyosema nina homa ya ini B. Mkunga alinieleza kwamba mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi hivi. Mtoto mchanga hana uwezo huo: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki navyo, na baadhi yao ukubwani hupata kusinyaa kwa ini au saratani.

Nililia. Kilichonipa nguvu ni kujua kwamba maambukizi mengi hutokea wakati wa kujifungua, mtoto anapogusana na damu ya mama. Basi muda wa kujipanga ninao.

Nikapimwa wingi wa virusi. Vikizidi yuniti 200,000 kwa mililita, mama huanzishiwa tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, kuanzia wiki ya 28 ili vishuke kabla ya uchungu. Vyangu vilizidi, nikameza kidonge kila siku.

Ila kilichonishughulisha zaidi ni zile saa za mwanzo. Chanjo ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24, na sindano ya kingamwili, ikipatikana, ndani ya saa 12. Kungoja chanjo za wiki ya 6 kwa mtoto wa mama kama mimi ni kumweka hatarini. Niliulizia mapema kama chanjo hutolewa hata usiku na siku za mapumziko. Mkunga akaandika hali yangu kwa herufi kubwa juu ya kadi, na mume wangu, ambaye naye alipimwa akachanjwa, alijua la kusema endapo mimi ningeishiwa nguvu. Uchungu ulikuja usiku, wahudumu wote wageni kwangu. Mume akatoa kadi. Mtoto alichomwa sindano zote mbili kabla hatujatoka chumba cha kujifungulia.

Nilimnyonyesha siku hiyo hiyo. Jamaa wengine walinikataza kwa kunionea huruma, lakini kunyonyesha hakumwongezei hatari mtoto aliyechanjwa, na sikukubali anyimwe ziwa bure.

Dozi zilizobaki alizimaliza kwa ratiba. Kumpima tulisubiri apite miezi 9, kwani kabla ya hapo majibu yanaweza kupotosha. Virusi hana, kinga anayo. Mimi bado nahudhuria vipimo vya ini, na sikosi.