Fizi za bi mkubwa

Jamani hii nilikua siijui kabisa. Bi mkubwa anaumwa saratani ya damu, yupo kwenye kemo (zile dawa kali za saratani), sasa juzi asubuhi namkuta foronya ina madoa ya damu, nikajua mswaki tu umemchubua fizi, nikamwambia mama sukutua na maji ya chumvi mi nikaenda zangu kazini. Jioni namvua soksi naona vidoti vyekundu vidogo vidogo kama kaumwa na sisimizi, na mkononi pamevilia damu pale pale nilipomshika asubuhi kumwinua kitandani, moyo ukanilipuka paa!

Bajaji mpaka hospitali. Kipimo kinatoka pletileti, zile chembe za kuzuia damu isiendelee kutoka, ni elfu 8, wakati kawaida ni kuanzia laki 1 na nusu mpaka laki 4 na nusu. Dokta anasema ugonjwa wenyewe na kemo vyote vinaubana uboho usitengeneze hizo chembe. Halafu akauliza anakunywa dawa gani nyingine, nikatoa diklofenaki za mgongo nilizomnunulia mwenyewe duka la dawa. Aisee alivyoniangalia! Kumbe hizo na aspirini zinazifanya hata hizo chache zilizobaki zisifanye kazi vizuri.

Wakamwekea mfuko wa pletileti, rangi kama juisi ya nanasi, haziwekwi friji na zinakaa siku 5 hivi tu, ndo maana kuzipata shughuli.

Leo fizi zimekauka, kazi imebaki kugombana na mimi kuhusu mswaki laini wa mtoto niliomletea, eti una katuni.