Glavu ya Mkono wa Kushoto

Juzi binti yangu alikuwa anatafuta chaja, akafukua lile boksi nililotoka nalo ofisini. Akaibuka na glavu moja ya ngozi, nene, mpya. "Mama, hii ya nani?" Nikamwambia ya kazini. Akanitazama. Anavyojua yeye, kazi yangu ilikuwa kugawa vipeperushi.

Na ni kweli. Mwaka ule bosi alikuwa na homa ya Perkins, ile sheria ya Marekani ya mafunzo ya ufundi iliyohuishwa 2018. Komyuniti koleji kama yetu, chuo cha miaka miwili, inatakiwa ioneshe ni wangapi wanasomea fani ambazo jinsia yao haifiki asilimia 25 ya wafanyakazi. Kwenye uchomeleaji wanawake hawafiki hata kumi kwa mia, basi nikatumwa nikawalete. Nilizunguka makanisani, misikitini, kwenye madarasa ya Kiingereza ya wakimbizi. Kipeperushi kilikuwa na mwanamke anayecheka, helmeti kwapani, kucha safi. Hakuwa mwanafunzi wetu, picha ilinunuliwa.

Wengi walikipokea kwa adabu wakakikunja. Mama mmoja wa Kikongo ndiye aliyeuliza.

"Dada, hiyo FAFSA si deni?"

Nikamweleza kwamba FAFSA ni fomu tu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, kwamba fedha za Pell, ruzuku ya wanafunzi wa kipato cha chini, kwa kawaida hazirudishwi, na kwamba mkimbizi anaruhusiwa kuziomba.

"Na masomo ni saa ngapi?"

"Jioni, mama. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu."

"Mimi niko na watoto tatu."

Nikasema tutaona. Neno hilo limenilisha miaka mingi.

Siku ya kutembelea karakana alikuja, kavaa kitenge na viatu vya kufunika kama nilivyomwagiza. Mkufunzi akamvisha koti, akamshushia helmeti, akachomelea mbele yake vipande viwili vya chuma. Mwanga ulipozima, yule mama alipandisha helmeti akainama juu ya ule mshono, akaufuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Kwao alikuwa fundi cherehani. "Lakini hii ni kushona tu," akaniambia, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Kisha akapewa glavu. Vidole vyake viliishia katikati. Ncha za glavu zikalala zimepinda kama masikio ya mbwa, na kila alipojaribu kubana kitufe cha bunduki ya kuchomelea, ngozi ndiyo iliyojikunja, kitufe hakikusogea. Akajaribu tena. Akaivua, akashika bunduki kwa mkono mtupu, mkufunzi akapiga kelele: "No, no!" Hakuwa mtu mbaya. Akafungua kabati, akapekua, akasema ndogo hana, hajawahi kuombwa. Vijana wakacheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha kupooza mambo. Yule mama hakucheka. Aliziweka glavu mezani, moja juu ya nyingine, akazinyoosha vidole kama mtu anayekunja nguo za mwenzake.

Kesho yake nikaagiza jozi ndogo. Manunuzi yakachukua majuma matatu. Nilipompigia, alikuwa ameshapata kazi ya ghala, zamu ya usiku. Akanishukuru sana, akaniulizia afya. Sikumuuliza kama ni glavu, au watoto, au ile "tutaona" yangu. Fomu ya ripoti ilikuwa na visanduku vya sababu: usafiri, fedha, malezi, nyingine. Nikaweka alama kwenye "nyingine".

Glavu ya kulia aliazima kijana mmoja mwenye mikono midogo, wala hakuirudisha. Hii ya kushoto binti yangu ameipeleka jikoni, anatolea sinia kwenye oveni. Anasema inamtosha kabisa.