Alfajiri ya bamvua Mida

Bamvua, yale maji makuu ya bahari, likijaa, hori la Mida pale Watamu, pwani ya Kenya, humeza matope yote, na ndege wa pwani waliotawanyika wakila hukosa pa kusimama. Hujikusanya kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Hapo ndipo tulipozitega nyavu, saa kumi alfajiri, mimi na vijana wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, maji yakitufika magotini. Ilikuwa mwezi wa Aprili.

Nyavu zenyewe ni nyeusi na nyembamba mno. Gizani nilizitambua ziliponigusa usoni. Hufungwa juu, kwa kuwa ndege akinasa chini huku maji yanapanda, atazama. Kwa hiyo halali mtu. Kumnasua ndege, kwanza unatafuta aliingilia upande gani, kisha unaanza na miguu.

Kulipopambazuka tuliketi chini ya mikoko na mizani, rula, koleo na daftari. Nikakabidhiwa kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, shingo yake katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kifua kimeshaanza kuiva wekundu wa msimu wa kuzaa. Nikaambiwa nimpulize kooni. Manyoya yakagawanyika, na chini ya ngozi, ambayo unaona hadi ndani, palijaa mafuta ya manjano. Gramu 76! Siku za kawaida hukaribia 55. Hayo mafuta ndiyo nauli yake ya kwenda Siberia, kule kaskazini kabisa anakotagia. Nilimshika nikiogopa hata kupumua.

Mzee mmoja mvuvi akapita na mshipi wake begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnamkamata, kisha mnamwachia?"

"Ndiyo mzee. Tunamvisha pete yenye namba."

"Na huko aendako, nani ataisoma?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu la kujivunia, maana pete nyingi hazionekani tena. Lakini ndege aliyefuata kutolewa kwenye mfuko tunamowaweka alikuwa na pete mguuni, imelika kingo. Kiongozi wetu akaisoma namba, akapekua daftari: alivishwa hapahapa Mida, miaka kadhaa nyuma.

Mzee akainama kumtazama, akacheka.

"Basi huyu mwenyeji. Na mimi niandikeni, kila bamvua mtanikuta hapa."

Akaingia majini, maana yalishaanza kupwa.