Geji ya Hewa Haimfichi Mtu

Mzimamoto mwenzangu mmoja wa zamu ana mikono yenye nguvu kutushinda sote, lakini tunapopanda ngazi tukiwa na mavazi kamili, mtungi wa hewa mgongoni na mpira wa maji begani, mshale wa geji yake, unaoonyesha hewa iliyobaki mtungini, hushuka upesi kuliko wa mtu mwingine yeyote. Kwa muda mrefu tulidhani ni woga, nami najuta kwamba tulimwambia hivyo. Alipopimwa, kiuno chake kilikuwa kimezidi kiwango, shinikizo la damu lilikuwa juu na sukari kabla ya kula ilikuwa imeanza kupanda. Dalili 3 kati ya 5 zinatosha kuitwa sindromu ya kimetaboli, yaani mkusanyiko wa dalili zinazoongeza hatari ya maradhi ya moyo na kisukari. 2 zilizobaki ni trigliseridi (aina ya mafuta ya damuni) nyingi na uhaba wa kolesteroli nzuri.

Mavazi na mtungi huongeza kilo 20 au zaidi, na vazi linalozuia moto usiingie huzuia pia joto la mwili lisitoke. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, huku jasho likipunguza maji ya damu yenyewe. Pale ambapo misuli haiitikii vizuri insulini, homoni inayoingiza sukari misulini, na mishipa imekakamaa, kazi ileile hudai mapigo mengi zaidi ya moyo na pumzi nyingi zaidi, na pumzi hizo hutoka mtungini. Kiwango cha oksijeni ambacho mwili unapaswa kuweza kutumia ukijituma kabisa, kinachotajwa sana katika kazi yetu, ni mililita 42 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kwa kuwa hugawanywa kwa uzito, kitambi hukishusha hata kama mapafu ni mazima.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba maradhi ya moyo husababisha asilimia 45 ya vifo vya wazimamoto wakiwa kazini. Kwa hiyo naona vipimo hivi vifanywe sehemu ya mazoezi, wala visiwe fimbo ya kumwadhibu mtu, kwa sababu anayeogopa kuondolewa kazini atakwepa kupimwa, ilhali sisi tunaokatishwa usingizi na kula usiku wa manane tunavihitaji hasa.

Mwenzangu sasa hutembea kila siku na amepunguza kiuno. Juzi, kwenye ghorofa ya nne ya jengo la mazoezi, alinigeuzia geji yake niisome. Ilikuwa bado chini ya yangu, lakini hewa ya kurudi chini ilikuwapo.