Siku niliyoulizwa dawa ya wadudu inamezwa mara ngapi

"Sasa hiyo dawa inamezwa mara ngapi kwa siku?"

Hilo ndilo swali la kwanza kuulizwa tangu nianze kueleza utafiti wangu kwa watu wasio wa maabara. Nilikuwa nimezungumza karibu saa nzima kuhusu dawa ya kuua wadudu, na mzee aliyeuliza ndiye aliyenisikiliza kwa makini kuliko wote. Mimi nilimaanisha dawa ya kupulizia ukutani kuua mbu wa malaria. Sumu! Lakini yeye, kama yeyote aliyewahi kupimwa damu akaambiwa "una wadudu wawili", alijua wadudu wa malaria wanakaa mwilini na dawa yao ni vidonge. Jasho lilinitoka. Je, asingeuliza?

Tangu hapo neno "wadudu" nimelifuta kabisa. Mbu ni mbu, walio kwenye damu ni vimelea, na kinachopuliziwa ukutani ni sumu ya mbu. Wenzangu wanalalamika kwamba "sumu" inatisha watu. Acha iwatishe.

Na ushauri niliopewa kabla ya siku hiyo! Mmoja aliniambia watu huheshimu namba, nijaze takwimu. Nikajaza. Nilipofika kwenye "tofauti yenye maana kitakwimu", mama mmoja akamuuliza jirani yake, "Maana gani?" wakaangua kicheko, nami nikacheka nao nikidhani nimechekesha. Mwingine akasema nianze na historia, basi nikaanza na Ronald Ross, daktari aliyegundua vimelea vya malaria tumboni mwa mbu, na mbu wake wa mwaka 1897. Kabla sijamtoa huyo mbu tumboni vile vimelea, nusu ya ukumbi ilikuwa imesinzia. Wa tatu akasema niwaeleze kama mtoto wa miaka mitano. Huyo ndiye alinipotosha zaidi. Watu wazima wameishi na mbu maisha yao yote, ukiwasemesha kitoto wanakunja mikono na kukutazama tu.

Kilichoniokoa ni kisanduku. Fremu ya waya, chandarua mara mbili, na ndani mbu jike kama hamsini tuliowalea wenyewe maabara, ambao hawajawahi kuonja damu ya mgonjwa (hili liseme mapema, na ulirudie). Gharama yake haifiki hata robo ya nilizotupa kuchapisha mabango. Ninakiweka mezani bila kusema neno. Mbu wametulia, wamegandia chandarua kama vijiti vidogo, na watu wanaanza kunong'ona kwamba wamekufa. Hapo namwita mmoja, namwambia asiguse, apulize tu pumzi taratibu. Sekunde chache na kisanduku kizima kinachemka! Mbu wote wanaruka kuelekea kwenye mdomo wake, na aliyepuliza anaruka nyuma. Hakuna aliyesinzia tena. Nikishasema hewa chafu tunayoitoa ndiyo inayowaamsha, ninaulizwa maswali mpaka koo linakauka. Mara ya kwanza, nikiri, zipu haikufungwa vizuri, na kikao kiliisha mapema kuliko ratiba.

Baada ya kisanduku ndipo naingiza utafiti wangu, kwa sentensi moja: mbu anayeua ni bibi kizee. Kimelea kikiingia kwa mbu kinahitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Ukifupisha maisha yao kwa siku chache tu, umeshinda sehemu kubwa ya vita. Niliipenda sana sentensi hiyo, mpaka mwandishi wa habari mmoja alipoandika kwamba mtafiti asema mbu vijana hawana madhara. Nilitamani ardhi ipasuke. Mbu kijana akimuuma mgonjwa leo, ndiye bibi wa wiki ya pili! Siku hizi mwandishi haondoki kabla hajanisimulia kwa maneno yake alichokielewa. Wengine hununa kidogo, lakini wananisimulia.

Kikao cha mwisho, bibi mmoja alisimama, akashika kiuno.

"Mwanangu, kwa hiyo wabaya ni sisi mabibi?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikaomba radhi. Akaendelea, "Haya, huyo mzee nitamjuaje usiku, kwenye giza?"

Nikamweleza ukweli: kwa macho tu hakuna anayeweza kumjua. Hata sisi tunampasua mbu, tunatazama mfuko wake wa mayai kwa darubini, ndipo tunajua kama ameshawahi kutaga, yaani si kijana tena.

Akanitazama kwa huruma.

"Basi nyie endeleeni kuwapasua. Mimi nitaua wote."